Sanamu Isiyo na Bunduki

Kabla habari za vita hazijafika Haneti, nilikuwa juu ya paa la nyumba ya mama nikishindilia udongo. Ilikuwa nyumba ya tembe, na paa la tembe ni udongo juu ya miti. Mvua za kwanza zikikukuta hujalitengeneza, zitakufuata mpaka kitandani. Mdogo wangu Yoeli alikuwa chini akikanyaga tope na kunipandishia kwa karai. Mama alikaa kwenye kivuli cha ukuta akipepeta uwele. Mimi nilikuwa askari wa mawasiliano, nimekuja likizo, na kwa siku zile chache nilikuwa nimevua buti na kujifunga khanga kama wanawake wengine wa kijiji.

"Mama, mwone askari wako," Yoeli alisema. "Anashindilia kama anapiga kwata."

"Mwache ashindilie," mama akajibu bila kuinua macho. "Mvua ikija utalala wewe chini yake."

Tulimaliza jua likiwa bado juu. Tukanawa, tukala ugali na mlenda, kisha Yoeli akaenda kwa jirani mwenye redio kusikiliza mpira. Alirudi mapema kuliko kawaida yake. Majeshi ya Uganda yalikuwa yameingia nchini upande wa Kagera, watu walikuwa wanakimbia makwao, na Rais ametangaza kwamba tutapigana.

Sikungoja kuitwa. Kesho yake nilivaa buti. Yoeli, aliyekuwa amepitia mafunzo ya mgambo, aliitwa wiki chache baadaye. Naambiwa mama alimsindikiza mpaka barabarani, akamshika shavu, akarudi nyumbani kumalizia kazi aliyoiacha. Mimi alinifanyia vivyo hivyo. Hakulia mbele yetu. Alilia mbele ya nani, sijui.

Karim nilikutana naye stesheni ya treni Dodoma, tukisubiri kupakia vifaa. Alikuwa kijana wa Kihindi, mwembamba, amebeba mfuko wa bisibisi na koleo kama mtu anayekwenda kutengeneza feni ya msikiti. Baba yake alikuwa fundi redio karibu na soko. Redio za nusu ya vijiji vyetu zilipita mikononi mwake. Karim alikuwa kwenye mafunzo ya mujibu wa sheria vita vilipoanza, akaomba apelekwe. Askari mmoja kutoka pwani alimtazama, akacheka.

"Na wewe Mhindi unakwenda wapi?"

"Nakwenda unakokwenda," Karim alimjibu. Kisha akanigeukia na kuniamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," kama mtu aliyezaliwa bondeni kwetu. Alikuwa amejifunza Kigogo kwenye kaunta ya duka la baba yake, akiwasikiliza wateja. Nilimjibu, na tangu siku hiyo tulikuwa watu wa nyumbani.

Tulisafiri kwa treni, kwa meli, kisha kwa malori, mpaka mahali ambapo udongo ni mwekundu na migomba haina mwisho. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha watu wanasikilizana. Mimi nilikaa kwenye redio na simu za waya za kukoroga kwa mkono, karibu na wakubwa. Karim alikuwa fundi wa laini. Alitandaza waya kutoka kwetu kwenda kwa vikosi vya mbele, na ulipokatika aliufuata kwa mkono, hatua kwa hatua, mpaka apate palipokatika. Akishaunga, alipachika simu yake ndogo hapo hapo na kunipigia.

"Foibe, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi laini nzima. Niwekee chai."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu. Tuliyasema mara nyingi kiasi kwamba wenzetu walianza kuyaigiza. Kwenye mapumziko alinifundisha kufungua redio na kuifunga, kukausha betri iliyoloa, kutambua kwa sikio tofauti ya laini iliyokatika na laini iliyolala majini. Mimi nilimfulia soksi. Hatukuwa wachumba, nasema hili kwa sababu watu huuliza. Alikuwa na msichana mjini, na mimi nilikuwa na mtu wangu huko Mpwapwa, ambaye baadaye alinioa.

Tulivuka mpaka. Nchi ya watu ilikuwa imenyamaza. Nyumba wazi, kuku wanatangatanga, sufuria juu ya mafiga. Sikuona adui kwa muda mrefu, ila niliona mahali alipopita. Yoeli alikuwa kikosi cha miguu, mbele yetu. Nilijua alipo kwa kusikia jina la siri la kikosi chake redioni. Kikosi chao kiliitwa Kanga. Kila nilipowasikia Kanga wakijibu, niliendelea na kazi.

Kisha masika yakaja na barabara zikawa tope.

Asubuhi hiyo tulikuwa kwenye mashamba ya kahawa. Mbele kulikuwa na kilima, na kutoka kilima hicho adui alikuwa akitupiga tangu juzi yake. Mizinga yetu ilipangiwa kukifyeka kabla askari wetu hawajakipanda. Kapteni wetu alisimama nyuma yangu, saa mkononi, akitaka neno la mwisho kutoka kwa waangalizi wa mbele.

Redio ilikuwa imejaa kelele. Nilisikia vipande vya maneno, sikupata maana. Nikakoroga simu. Laini haikujibu.

"Imekatika?" kapteni aliuliza.

"Imekatika, afande."

Karim alikuwa amechuchumaa mlangoni pa handaki na kikombe changu mkononi. Alimaliza chai, akakiweka kikombe chini, akachukua koleo. Askari mmoja aitwaye Mika alimfuata na bunduki.

Makombora ya adui yalikuwa yanaanguka shambani, yakitoka nyuma ya kilima.

Nilikoroga tena. Kimya.

Kapteni alitazama saa. 

Nikakoroga. Kimya.

Halafu kengele ikalia upande wangu.

"Foibe, unanisikia?"

"Nakusikia!"

"Laini nzima. Ongea nao."

Hakutaja chai. Sauti ya pili iliingia juu ya yake, sauti ya mwangalizi, inapiga kelele. "Msipige kilima! Kanga wako juu. Narudia, Kanga wameshapanda. Msipige!"

Sikumgeukia kapteni. Niliyarudia maneno yale kwa sauti, yote, kama nilivyofundishwa, na kapteni akayachukua mdomoni mwangu na kuyapeleka kwa watu wa mizinga kwa simu nyingine. Nilisikia anasema "sitisha" mara tatu. Mizinga haikulia.

Ndipo nilipoelewa nimesema nini. Kanga ndio akina Yoeli.

Nilitaka kumwambia Karim. Nikakoroga. Laini ilikuwa hai, mwangalizi alijibu. Karim hakujibu.

Mika alimrudisha mgongoni. Kombora lilimkuta amepiga magoti, waya uliounganishwa uko mbele yake. Uso wake haukuguswa. Tulimlaza kwenye turubai, nikalitoa koleo mkononi mwake, kwa sababu alikuwa amelishika bado.

Nilirudi kwenye simu. Siku hiyo ilikuwa na kazi nyingi.

Tuliendelea kwenda. Miji ilipita, mingine nimeisahau majina. Watu walianza kutokea barabarani na matawi ya miti, wakitushangilia kwa lugha tusizozijua, na nilijifunza kupunga mkono bila kufikiri. Tulifika kaskazini kabisa, kwenye nchi kavu yenye miiba na mbuzi, na askari wa kwetu wakasema, "Tumefika Dodoma." Tulicheka kwa hilo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Habari ya mwisho ilinikuta mchana, nikiwa chini ya mgunga, redio kwenye sanduku la risasi. Ilikuwa fupi. Mpaka wa mwisho umefikiwa, hakuna tena jeshi la adui la kupigana nalo, vikosi visimame vilipo. Niliandika, nikairudia kwa aliyeituma, akathibitisha. Nikamsomea kapteni.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

Hakushangilia. Alikaa chini, akaanza kulegeza kamba za buti. Askari waliokuwa karibu wakamwona amekaa, nao wakakaa, mmoja mmoja, hapo hapo walipokuwa wamesimama, wengine juani.  Halafu mtu mmoja akaanza kufyatua risasi hewani, na wengine wakamfuata, na kapteni akainuka akiwa na buti mguu mmoja, akawakimbilia akipiga kelele: "Acheni! Risasi zinashuka hizo! Mnataka kufa leo?" Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Sikuweza kujizuia.

Lakini kazi yangu haikuwa imekwisha. Nilipaswa kuipitisha habari kwa kila kikosi na kila kikosi kithibitishe. Walijibu mmoja baada ya mwingine. Wengine waliniuliza kama natania. Kanga hawakujibu.

Niliwaita. Nikanywa maji, nikawaita. Kapteni alirudi, akavaa buti yake, akakaa karibu yangu. Alijua nani yuko Kanga. Wenzetu walikuwa tayari wanaimba upande wa pili wa malori. Mimi nilikuwa bado vitani.

Jua lilipoanza kuinama, redio ikakwaruza.

"Kanga hapa. Tulikuwa tunavuka mto, redio kichwani. Betri ililoa, ndiyo kwanza imekauka. Mlikuwa mnaita? Ova."

Nilimpa habari. Nilisikia anawatangazia wenzake, na kelele zao zikaja masikioni mwangu kama mvua kwenye bati. Nikavunja utaratibu. Nikauliza kama Yoeli wa Haneti yupo. Ilisikika redio ikipokezwa mikononi, halafu sauti ya mdogo wangu ikaingia, haijui kubonyeza kitufe wala kukiachia, inakatika katikati.

"...bukwa, dada. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Yaani twende nyumbani?"

"Twende nyumbani, Yoeli."

Nimezaa watoto wanne salama, nimewaona wakiolewa na kuoa. Hakuna siku nyingine ambayo mwili wangu ulilegea namna ile. Niliweka mkono wa redio chini, na kapteni akaniambia nipumzike.

Tuliporudi Dodoma, kabla ya kwenda Haneti, nilikwenda nyumbani kwao Karim. Walikuwa wameshapewa taarifa. Alizikwa Kagera pamoja na wengine. Baba yake alinikaribisha, akakaa. Binti yao mdogo, Shirin, ambaye alikuwa bado anasoma shule ya msingi, alisimama mlangoni akizitazama buti zangu. Nilieleza yote: waya, kilima, mdogo wangu. Mama yake Karim alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa amekula?" aliuliza.

"Alikuwa amekunywa chai, mama. Chai yangu. Alimaliza kikombe."

Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu aliyepewa kitu cha kushika. "Vizuri," alisema. "Vizuri."

Miaka ikapita juu yetu. Nilistaafu jeshi nikajenga Kikuyu, hapo hapo mjini Dodoma. Yoeli alioa kijijini Mlali, akawa mkulima wa mahindi na alizeti, mtu wa maneno machache, mjini haji bila sababu. Wazazi wa Karim walifariki. Shirin alirithi duka. Siku hizi anauza vifaa vya umeme, ameshakuwa bibi mwenye miwani. Sikukuu zao nampelekea mbuzi, Krismasi ananiletea pilau. Sisi wastaafu wa vita tunakutana zaidi misibani.

Mji nao ukapanuka. Barabara mpya zilipofunguliwa, likabaki eneo la wazi kwenye makutano, na kamati ya wazee wastaafu ikaomba hapo pajengwe sanamu ya kukumbuka siku vita vilipomalizika. Wakakubaliwa. Wakamtafuta mchongaji, kijana aitwaye Gervas, na yeye ndiye aliyekuja kwangu mwaka jana na viatu vyenye vumbi la saruji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

"Mama, nimeambiwa wewe ndiye uliyepokea habari kwamba vita imekwisha. Nataka kujua watu walifanya nini."

"Walikaa," nilimwambia.

"Walikaa?"

"Walikaa chini."

 Hakunitaka niseme zaidi kuliko nilivyotaka, na pengine ndiyo maana nilisema yote, kuanzia paa la mama mpaka kikombe cha chai. Alipoondoka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Nilijisikia kama niliyetua mzigo kichwani, na shingo bado inaukumbuka.

Baada ya wiki kadhaa Gervas alituita kwenye karakana yake, nje ya mji, tutazame mfano aliofinyanga kwa udongo kabla hajaanza kumwaga zege. Kamati ilikuja. Nilimwomba Yoeli aje kutoka Mlali, naye akaja, kofia mkononi. Nilimchukua na Shirin. 

"Dada Foibe," Shirin aliniambia tuliposhuka garini, "kama ameweka sura ya kaka yangu, nitaomba aitoe. Mama asingependa sanamu ya sura ya mwanawe. Na mimi siwezi kupita pale kila siku kwenda dukani, ananitazama."

"Mwambie hivyo hivyo," nilisema. "Ana masikio."

Mfano ulikuwa juu ya meza, umefunikwa kitambaa kibichi. Gervas akaufunua. Palikuwa na watu watatu. Mwanaume aliyepiga magoti anaunga waya. Mwanamke aliyeketi, mkono wa simu sikioni. Na katikati yao, juu kuliko wote, askari amesimama, ameinua bunduki mbinguni.

Shirin alisogea karibu. Mwanaume wa udongo alikuwa ameinamia kazi yake, uso umezama kwenye kivuli cha kofia, sura haikuwapo. Aliinama kumtazama chini ya kofia, kuhakikisha, akanyanyuka. Niliona mabega yake yanashuka.

"Ni hivi," alimwambia Gervas taratibu. "Kaka yangu alikuwa mashoto. Koleo umeliweka mkono wa kulia."

"Nitalihamisha, mama."

"Basi," alisema. "Basi, hiyo tu."

Lakini Mzee Chidosa, mwenyekiti wa kamati, meja mstaafu, alikuwa anazunguka meza na fimbo yake. Alimnyooshea yule askari wa katikati.

"Huyu ni mdogo. Mpandishe zaidi, na bunduki iwe ndefu. Mtu akiwa kwenye gari aione kwanza bunduki."

"Mzee, ameshakuwa mrefu kuliko wenzake," Gervas alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa. Hii ni sanamu ya vita. Ukiacha waya na simu peke yake, watu watadhani ni sanamu ya mafundi wa umeme."

Wengine walicheka.  Mzee Chidosa hakuwa mtu mbaya. Alipoteza vijana wengi waliokuwa chini yake, na kwake bunduki ile ilikuwa mikono yao. Gervas alitutazama mmoja mmoja. Niliona atakubali, kwa kuwa alikuwa mdogo wetu wote.

Yoeli ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama nyuma ya watu.

"Meja, samahani. Huyo wa katikati ni mimi."

Wakageuka.

"Yaani ni sisi wa miguu," Yoeli akaendelea. "Mimi nilibeba bunduki tangu Kagera mpaka mwisho wa nchi ya watu. Siikatai. Iliniweka hai siku nyingi. Lakini ile siku ya kilima, bunduki yangu isingenisaidia. Mizinga ilikuwa yetu wenyewe. Tulikuwa juu pale, tumechoka, tunashangilia kwamba tumepanda, hatujui kwamba wenzetu wanajiandaa kutupiga. Aliyetuokoa hakuwa na bunduki mkononi." Alimtazama Shirin, akashindwa kuendelea kumtazama. "Na siku ya mwisho, tulipoambiwa imekwisha, sikuinua kitu. Niliiweka chini. Nilikaa, nikatazama mikono yangu. Kama sanamu ni ya mwisho wa vita, basi aonekane amekaa."

"Na bunduki?" Mzee Chidosa aliuliza.

"Ameshaiweka chini, meja. Kazi yake imekwisha."

Mzee Chidosa alikaa kwenye benchi la karakana, fimbo katikati ya magoti. Tulimsubiri. Nje mashine ya mtu ilikuwa inakata chuma, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Vijana wangu wengine hawakuwahi kukaa," alisema hatimaye.

"Najua, meja," Yoeli alisema.

"Haya. Mkalishe." Alimgeukia Gervas. "Lakini mtengeneze vizuri. Asionekane kama amelewa."

Ndivyo bunduki ilivyoondoka. Gervas aliikata kwa uzi mbele yetu, udongo ukabaki mezani, kipande kirefu, na mtu mmoja akaukunja kuwa donge na kuurudisha ndooni.

Sanamu ilifunuliwa asubuhi ya upepo, na upepo wa Dodoma mnaujua. Shuka lilivutwa likakwama kwenye bega la askari, likavutwa tena likamfunga kama shela. Wageni wa heshima walisimama, bendi ikarudia wimbo, mpaka Yoeli alipovua viatu, akapanda jukwaa la zege, akalitoa kwa mkono. Watu wakapiga makofi na vigelegele kwa kucheka.

Walikuwa pale watatu, wakubwa kuliko sisi. Askari amekaa, mikono mitupu juu ya mapaja, buti zimefunguliwa. Mwanamke ana simu sikioni na mdomo umefunguka kidogo. Sijui kama anasema au anapumua, na sikumwuliza Gervas. Mwanaume ameinama juu ya waya, koleo mkono wa kushoto. Mzee Chidosa alipiga saluti akaishikilia muda mrefu. Nilimwona anatikisa midomo, na nikadhani anataja majina.

Shirin alisubiri watu wapungue. Kisha akakaribia, akaweka kiganja juu ya ile mikono ya zege iliyoshika waya, akakiacha hapo. Nilisimama kando nikiwa na maji na leso, tayari.

Akarudi macho makavu.

"Nilijua nitalia," aliniambia. "Sasa nasikia njaa."

"Hata mimi," nilisema, na ilikuwa kweli.

Tulikwenda kwake, mimi na Yoeli, tukakaa mezani kwenye ghorofa iliyo juu ya duka. Wajukuu zake walipita wakileta vyombo. Nilimtazama Yoeli, mikono yake yenye sugu za jembe, mvi, watoto sita nyumbani na wajukuu ambao majina yao anayachanganya. Hayo yote yalipita kwenye waya mmoja uliounganishwa shambani kwenye matope. Karim hakuacha mtoto. Yule msichana wake wa mjini aliolewa na mwingine, kwa haki. Nimejaribu mara nyingi kuyaweka mambo haya mawili kwenye mizani, na nimeacha. Tulishinda, tukarudi, yeye hakurudi. Nafurahi kwamba mdogo wangu yu hai, na furaha hiyo haijawahi kuwa nyepesi, lakini siku ile niliweza kuibeba bila kuomba radhi kwa mtu.

Yoeli hakuwa amegusa sahani yake.

"Shirin," alisema, "miaka yote hii nimekuwa nikipita mbele ya duka lenu. Nafika mlangoni, narudi. Sikujua nianzie wapi. Nilitaka kukwambia..."

Hakumaliza. Shirin alimwongezea nyama, akamsogezea sahani.

"Kula, kaka," alisema. "Chakula kinapoa."

Yoeli akanawa mikono, akala.